Pembea ya Nyumbani kwa Mtoto Asiyetulia

Katika parokia zetu wapo watoto ambao hawakai. Huzunguka kama pia, hurukaruka kitandani, hujigonga ukutani, au hutikisa mwili mbele na nyuma saa nzima. Baadhi yao wana usonji. Wengine huwa kinyume: wakinyanyuliwa miguu ikaachana na ardhi, hupiga kelele za hofu. Majirani husema mtoto amelogwa au hakufunzwa adabu. Mzazi aliyechoka humfungia ndani, pengine kwa kamba. Somo la robo hii linahusu kamba, lakini kwa kazi nyingine.

Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji husogea na ubongo hupata habari kwamba mwili uko kwenye mwendo. Inaelezwa kwamba mtoto ambaye habari hizo humfikia kwa udhaifu hutafuta mwendo zaidi, na yule ambaye humfikia kwa nguvu mno huukimbia. Nadharia hii iliandikwa kwa kirefu na A. Jean Ayres wa Marekani, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, katika kitabu chake cha mwaka 1972. Leo zipo kampuni zinazouza pembea na vifaa vya aina hiyo kwa bei kubwa.

Tusiwadanganye wazazi. Pembea haiponyi usonji. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema tiba hii inaweza kukubalika kama sehemu ya mpango mpana zaidi, ila wazazi waambiwe kwamba utafiti wake ni mchache na haujatoa jibu la uhakika. Kinachoweza kutarajiwa ni utulivu wa muda, mtoto akakubali kula, kuoga au kuketi na wenzake. Kwa mama ambaye hajaketi tangu alfajiri, robo saa si jambo dogo.

Kifaa chenyewe si kigeni. Mbeleko ni pembea ya kwanza ya kila mtoto wetu. Kwa mtoto mkubwa, shuka imara au gunia safi lililokunjwa mara mbili, likafungwa kwa kamba nene kwenye tawi la mti ulio hai, latosha. Tairi la zamani pia hufaa, mradi lisiwe na nyaya zilizochomoza. Ukitumia boriti ya nyumba, igonge kwanza uone kama mchwa hawajaila. Mtu mzito kuliko wote nyumbani ndiye akae wa kwanza. Kiti kisizidi urefu wa goti, chini pawe na mchanga au godoro, na ukuta uwe mbali. Baada ya mchezo kamba ishushwe na kuwekwa mbali, kwa kuwa kitanzi kinachoning'inia kinaweza kumnyonga mtoto. Asiachwe peke yake humo hata dakika moja, wala asifungwe.

Kusukuma polepole mbele na nyuma kwa kawaida hutuliza. Kuzungusha huamsha, na athari yake huweza kuchelewa: mtoto anacheka sasa, anatapika baadaye. Akipauka, akitoka jasho au akinyamaza ghafla, simamisha. Mwenye kifafa asizungushwe kabla mzazi hajamwuliza daktari. Mwenye hofu akae mapajani mwa mama, miguu ya mama ikigusa chini, na akitaka kushuka ashushwe.

Wala si lazima kuning'iniza kitu. Kusukuma toroli, kutwanga, kubeba kindoo cha maji kinacholingana na nguvu zake, kuburuta gunia la maharage: kazi hizi huushughulisha mwili sawasawa, na wataalamu wengi hushauri za namna hiyo. Zina faida nyingine ambayo pembea haina. Mtoto aliyekuwa akiitwa mzigo anaonekana na majirani akileta maji.

Kwa wafadhili tunasema wazi: kifaa kilichotoka ng'ambo kikikatika kiungo kimoja, mara nyingi huishia stoo. Afadhali fedha hiyo ilipe nauli ya mtaalamu kuzitembelea familia, au ya mama kumpeleka mtoto kliniki. Wataalamu hawa hufunzwa KCMC, Moshi, na kwa upande wa Kenya katika vyuo vya KMTC. Si wengi, kwa hiyo ziara moja ipangwe kwa familia kadhaa, na fundi seremala wa kigango awepo ajifunze.

Maswali kwa kamati: Je, katika jumuiya zetu ni watoto gani ambao hatujawahi kuwaona nje? Nani atakwenda kuwatembelea, na lini? Nani hapa ana mti wenye tawi imara karibu na nyumba hizo?