Namba ya Injini Hailingani na Kadi: Ufanyeje?

Kibosho, Marangu, Rombo: hukosi kuona Land Rover kuukuu imeegeshwa pembeni ya migomba, magurudumu yameishiwa upepo. Mzee aliyeinunua ametangulia mbele za haki, na watoto wanataka kuiuza. Mnunuzi anapanda kutoka Moshi mjini, anafunua boneti, analinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Hazifanani. Biashara inafia hapo hapo, na kijijini maneno yanaanza kwamba gari lile ni la wizi.

Tofauti ya namba peke yake haithibitishi wizi. Injini huchoka, fundi akapandisha nyingine iliyotoka gari jingine, na hakuna aliyekwenda kubadilisha taarifa za usajili. Jinai ni kufuta namba au kuigonga upya ili kudanganya. Kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa nako ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura 16.

Kabla ya kuogopa, hakikisha umesoma namba yenyewe. Watu wengi husoma tarakimu zilizovimba kwenye bloku. Hizo zimetoka kwenye kalibu kiwandani na maelfu ya injini zinazo sawasawa. Namba ya injini imegongwa, imezama ndani ya chuma. Kwenye Land Rover za Series zenye injini ya petroli ya lita 2.25, itafute upande wa kushoto wa bloku, kwa mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Namba ya chesisi nayo hugongwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Usitegemee sahani ya bati: hiyo inang'oka kwa bisibisi tu.

Toyota hukupa zaidi, maana namba hutanguliwa na alama ya aina ya injini. Land Cruiser ya mwaka 1986 ikiwa na 1HZ, fahamu kwamba injini imebadilishwa, kwani 1HZ ilianza kutoka mwaka 1990. Uliza risiti ya injini hiyo.

Safisha kwa dizeli, brashi na tambara. Usiguse grinda wala msasa! Ukikwangua eneo la namba umejitengenezea ushahidi dhidi yako mwenyewe, hata kama nia yako ilikuwa kuondoa kutu. Piga picha.

Ikiwa injini ilibadilishwa kihalali, mwenye gari akamilishe mabadiliko ya taarifa za usajili Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kuuza, akiwa na uthibitisho wa alikoipata injini na kulipeleka gari likaguliwe. Gari la marehemu lina hatua nyingine: anayesaini mauzo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kifungua mimba hana mamlaka hayo kwa kuzaliwa kwanza tu, hata ukoo mzima ukimkubali. Mjane akisukumwa pembeni hapa, aende kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na Moshi ina shirika la KWIECO lililozoea kesi za namna hii.

Wewe mnunuzi, una haki ya kukagua kabla ya kulipa. Muuzaji anayekuharakisha kwa kisingizio kwamba kuna mteja mwingine Himo, mwache aende kwa huyo mteja. Andikeni mkataba unaotaja namba ya chesisi na ya injini kama zilivyo kwenye chuma, halafu mhamishe umiliki TRA. Baadaye ikibainika kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, inakupa msingi wa kumdai fedha zako. Gari lenyewe, kwa kawaida, litarudi kwa mwenyewe, hata kama ulinunua kwa nia njema. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo usiyalalie.

Polisi wakilikamata kwa uchunguzi, hasa huku karibu na mpaka wa Holili, usigombane nao barabarani. Omba hati ya ukamataji inayoonyesha kilichochukuliwa, isainiwe na uisome kabla ya kusaini: namba zote mbili ziandikwe humo, pamoja na hali ya eneo la namba siku gari lilipotoka mikononi mwako.