Kabla hajafika kijiweni

Nyumba nyingi za Magomeni, Dar es Salaam, ni za kupanga chumba: korido katikati, wapangaji huku na huku, choo na jiko uani. Ugomvi wa chumba kimoja ni wa nyumba nzima. Kijana anayejitahidi kuacha unga, yaani heroini, akifokewa hapo mbele za watu, aibu humpanda, na dawa ya haraka ya aibu anaijua: kijiweni, pengine kwa sindano aliyokwisha kuitumia mwenzake. Nafasi yako wewe ndugu yake ni kabla hajatoka mlangoni.

Kwanza tazama kama ni arosto, mwili unadai unga. Huanza saa chache baada ya unga wa mwisho: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata. Maneno hayatibu arosto. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, na nyingine ipo Mwananyamala; dozi hunywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Wapo wanaobeza, eti ni kuacha unga ukashika unga mwingine. Siwaungi mkono. Mtu asiyesumbuliwa na arosto ndiye unayeweza kukaa naye mkaongea.

Ila methadoni haifuti kumbukumbu. Aliyewahi kupigwa na umati kwa kelele za mwizi, au aliyenajisiwa utotoni, anaweza kuwa mzima wa mwili, halafu makelele ya barabarani yakamrudisha kule kule. Macho yanamtoka, ngumi imekunjwa, hakusikii. Usimkamate ghafla, wala usimzibie mlango. Sema taratibu: “Kaka, uko nyumbani. Ni mimi, dada yako. Leo Jumanne.” Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, anawe uso kwa maji ya baridi, atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Kilichompata usimuulize saa hiyo; atakisimulia kwa mshauri siku akiwa tayari.

Hamu ya unga nayo hupanda ikashuka. Msibishane habari ya kuacha maisha yote, mwombe nusu saa tu, na mikono yake ipate kazi: achote maji, akune nazi. Akiwa ametulia, kubalianeni neno la kusema akizidiwa, “nimechemka” latosha, na nani wa kumpigia simu. Pesa je? Anayepiga debe Magomeni Mapipa akishika ujira wa jioni huku ana hasira, hafiki mbali. Aziweke kwa mtu anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe.

Akirudia kutumia, usimfungie nje. Hatari kubwa zaidi ni kwa aliyetoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu: mwili umeshapoteza uzoefu, na kipimo kile kile cha zamani kinaweza kumuua. Pombe au vidonge vya usingizi juu ya unga au methadoni huzidi kuzima pumzi. Ukimkuta anakoroma, haamki, midomo imebadilika rangi, usimnyweshe maziwa wala chochote. Mlaze ubavu, piga kelele majirani waje, pumzi ikikatika mpulizie mdomoni, na bajaji iondoke hima. Hospitalini taja unga waziwazi, usiseme malaria.