Birika na Kisima

Somo: Mithali 5:15–20 na Mithali 7. Tafadhali soma sura hizo kwanza, kwa sauti kama unaweza.

Jumapili nilipotaja Mithali 7 niliona vichwa vikiinama, na wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana simu. Naelewa. Hili ni somo ambalo kanisani tunalipita mbio: tunasema uzinzi ni dhambi, watu wanaitika amina, tunaenda kwa matangazo. Muda wa ibada haukutosha, kwa hivyo hapa naandika yale ambayo sikuyafikia.

Tuanze na maji. Katika 5:15 Sulemani anamwambia mwanawe anywe kutoka kwa birika lake na kisima chake. Sisi tukisikia birika tunaona chai. Birika la Biblia ni shimo lililochimbwa kwenye mwamba, likapakwa lipu ndani lisivuje, ili likusanye maji ya mvua. Nchi ile mvua yake ni ya miezi ya baridi tu, halafu kiangazi kirefu kisicho na tone. Mtu wa Kitui au Makueni haitaji nimweleze zaidi. Anajua kwamba mifereji ya paa husafishwa kabla mvua haijaanza, na nyufa za tangi huzibwa mapema. Huwezi kuliacha tangi na ufa mwezi wa nne halafu mwezi wa tisa ulilaumu kwamba ni tupu, ukaenda na mtungi wako kwa jirani.

Nilisoma biashara kabla ya kuingia kwa huduma. Kwenye vitabu vya hesabu kuna kitu kinaitwa uchakavu: gari hupungua thamani hata likiwa limeegeshwa tu. Watu wengi ninaoketi nao hawakuharibu ndoa yao kwa ugomvi mkubwa. Waliiegesha. Wakawa wanaongea karo, stima, kodi ya nyumba na nani atamchukua mtoto shuleni, basi. Siku moja mtu wa ofisini akamuuliza mmoja wao, "Mbona leo unaonekana umechoka?" Swali hilo lilikuwa halijaulizwa nyumbani miaka mingi.

Na tazama vile Neno halioni haya kama sisi. Mstari wa 18 na 19 Sulemani anamtaka kijana amfurahie mke wa ujana wake, mwili wake pia, na azame kabisa katika mapenzi yake. Neno la Kiebrania linalotumika hapo ndilo linarudi mstari wa 20 kuhusu kuzama kwa mwanamke wa nje, na tena mstari wa 23 kuhusu mtu anayepotea kwa upumbavu wake. Neno ni moja mara tatu. Mwandishi anajua kwamba mwanadamu ana nguvu ya kuzama. Anachouliza ni atazamia wapi. Kwa hivyo mahubiri ya "usiguse, usitazame" peke yake ni nusu ya sura hii. Nusu nyingine iko chumbani kwenu, na hiyo mchungaji hawezi kuwafanyia.

Hapa niseme jambo ambalo huenda lisipendwe na wapenda kesha. Paulo, 1 Wakorintho 7:5, anakubali wanandoa wajizuie kwa ajili ya maombi, lakini anaweka masharti: wakubaliane wote wawili, iwe kwa muda, kisha warudiane, kwa sababu Shetani huwinda hapo hapo. Sasa kuna dada anafunga siku 21, Ijumaa yuko kesha, Jumamosi yuko mlimani, na mume wake alijua kwa kuona kitanda ni kitupu. Kuna ndugu pia wa namna hiyo. Maombi ni mazuri, lakini je, mlikubaliana?

Twende Mithali 7. Kijana anapita karibu na kona ya nyumba ya yule mwanamke, jioni, giza likiingia. Alichagua njia. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akipanga kuvunja nyumba yake. Anachagua njia ya kupitia tu. Siku hizi hiyo kona iko kwa simu. Ni ile meseji unayoifuta kabla ya kufika mlangoni. Ni ile namba ya mwanamke uliyoiweka kwa jina la fundi wa mabomba. Kama jambo ni safi, fundi wa mabomba anatoka wapi?

Lakini mstari unaonishtua mimi ni wa 14. Mwanamke anaanza kwa habari za ibada! Anasema alikuwa na sadaka za amani na leo ametimiza nadhiri zake. Walawi 7:16 inaeleza kwamba nyama ya sadaka ya nadhiri ilifaa kuliwa siku ile na iliyobaki kesho yake. Kwa hivyo nyumbani kuna nyama nzuri, inahitaji mlaji, na mwaliko una harufu ya hekalu. Kitanda chake kimenyunyiziwa manemane na mdalasini, vitu ambavyo Kutoka 30:23 inavitaja katika mafuta matakatifu ya upako. Jaribu halikuja na pembe, lilikuja likinukia kanisa. Wapendwa, mnanielewa. Wako walioanza kwa "mtumishi, niombee", wakaendelea na "nilikuota nikiomba", mwishowe wanaombeana wawili saa tano usiku. Ndiyo sababu ofisini kwangu ushauri wa mtu wa jinsia nyingine unafanyika mlango ukiwa wazi na mama mmoja wa kanisa akiwa pale nje. Wengine wananiambia najilinda kupita kiasi. Sawa tu.

Mstari wa 19 na 20 una kitu kingine: mume amesafiri mbali, amebeba mfuko wa fedha, atarudi mwezi ukiwa mpevu. Hii ni ndoa ya mbali. Na hapa kanisani tunazo nyingi: baba anaendesha lori kutoka Mombasa mpaka Kampala, mwalimu amehamishwa kaunti nyingine, mama yuko Saudia analea watoto wa wenyewe ili wake walipiwe karo. Simlaumu yeyote, njaa haina mzaha. Lakini naomba hesabu ifanywe yote. Mkiandika faida ya ile kazi, andikeni na gharama yake. Nauli ya kurudi nyumbani iwe kwenye bajeti pamoja na karo, isingoje "pesa ikibaki", kwa sababu haibaki. Simu ya jioni iwe ya kuongea, si ya kuuliza tu kama M-Pesa imeingia. Na wawekeni tarehe: tunafanya hivi mpaka lini? Kuna wanandoa walianza na mwaka mmoja, sasa ni wa tisa na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kuhusu Yusufu nitakuwa mfupi, mnamjua. Soma jibu lake kwa mke wa Potifa, Mwanzo 39:8–9. Anajibu kama msimamizi mwaminifu: bwana wangu ameniachia hiki na hiki, wewe hukuwekwa mikononi mwangu, na hili ni dhambi mbele za Mungu. Kisha mstari wa 10 unasema yule mama alirudi siku baada ya siku, na Yusufu akakataa hata kukaa karibu naye. Tunapenda kuhubiri kwamba aliinuliwa. Ni kweli, lakini kwanza aliingia jela. Aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17 hivi, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Dada unayekataa mkubwa wako kazini, sitakuahidi kwamba utapandishwa cheo mwezi ujao. Unaweza hata kupoteza kazi. Ikifika hapo uje tuzungumze, na nitawaomba wazee kanisa lisimame nawe kwa kodi na chakula, si kwa maombi peke yake.

Na kama tayari kuna mpango wa kando? Kata leo, bila kikao cha mwisho cha kuagana. Vikao hivyo ndivyo vinaanzisha upya. Nendeni VCT mkapimwe nyote wawili, hata kama mmesameheana, maana msamaha hauonyeshi hali ya damu. Na sisi viongozi tusimharakishe aliyeumizwa. Nimesikia mama akiambiwa asamehe kabla hata hajamaliza kulia.

Jumatano kwenye vikundi vya nyumbani tutasoma Mithali 6:20–35. Angalieni mstari wa 30 hadi 35: mwizi mwenye njaa analipa mara saba na deni linaisha, lakini mume aliyekosewa hapokei fidia yoyote. Wenye ndoa, njooni wawili. Walio na wenzao mbali, wapigieni simu mapema wasome sura hiyo hiyo jioni hiyo. Vijana ambao hamjaoa wala kuolewa, msibaki nyumbani. Barua hii iliandikiwa mwana ambaye bado alikuwa anafundishwa na baba yake.