Dola Isiyoanguka Mchezoni

*Swali: Katika mchezo wa dola za kubuni unaotungwa na vijana wa Kabambare kwa kete na daftari, dola iliyotangulia kupata nguvu haianguki kamwe. Kanuni zirekebishwe vipi?*

Jibu: Hitilafu hiyo ni ya kawaida, na hutokea pale ushindi unapozaa ushindi mwingine bila gharama. Historia ya Kasongo, mji wa Maniema kama Kabambare, inaonyesha njia: chini ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, tangu miaka ya 1870, mji ulistawi kwa pembe za ndovu, mashamba na jasho la watumwa (watu ambao mchezo wowote wa haki haupaswi kuwahesabu kama mali tu), lakini Ngongo Lutete, mshirika wa watawala wa Kasongo aliyekuwa na askari wake, alipohamia upande wa dola ya kikoloni iliyoitwa Dola Huru ya Kongo mwaka 1892, Kasongo ilitekwa Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Kwa hiyo kila dola ipewe alama za utiifu, yaani kipimo cha uvumilivu wa washirika wake, zinazopungua kadiri mipaka inavyotanuka na ndovu wanavyoadimika. Zikiisha, mshirika mkubwa ajitenge pamoja na askari wake. Kanuni hiyo ijaribiwe peke yake kwa mizunguko kumi, na dola ikiwa bado haitikisiki, mwalimu wa historia aombwe kuupitia mchezo pamoja na vijana.