Foleni ya Godoro Moja

Ukiwa na godoro moja na watoto sitini, kipindi cha dakika 40 kinampa kila mtoto nafasi ya kubingirika mara moja, labda mbili. Muda uliobaki ni wa kusukumana kwenye foleni. Mwalimu wa michezo wa Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, hawezi kuongeza magodoro kesho asubuhi, lakini foleni anaweza kuigeuza iwe mazoezi.

Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Dave Smith walifanya jaribio na watoto wa jimnastiki wa miaka 7 hadi 14. Walioufanya mruko wa kwenye boriti kwa kuuwaza tu huku wakiuhisi mwilini, kwa wiki sita, walisonga mbele karibu sawa na walioruka kweli. Ila hao boriti walikuwa wanaijua. Mtoto ambaye hajawahi kubingirika hana cha kuwaza, kwa hiyo kwanza abembee kwa mgongo, magoti kifuani, mpaka mwili uonje.

Baada ya hapo watatu wa mbele kwenye foleni wachuchumae, viganja chini, macho wafumbe. Usiwaambie "fikirieni mnabingirika". Watajitazama kwa mbali kama wanavyomtazama mwenzao. Wape vya kuhisi: vidole vinavyokandamiza chini, kidevu kinavyogusa kifua, makalio yanavyopanda, mabega yanavyotua kabla ya mgongo, nyayo zinavyorudi chini.

Halafu pima muda wa kuwaza. Wewe piga kofi la kuanza, na kila mtoto apige lake akitua kwenye picha yake. Kubingirika kwenyewe ni kama sekunde mbili. Akichelewa mpaka tano, huyo anajisimulia hadithi. Akipiga papo hapo, kuna kitu amekiruka, na mara nyingi ni kidevu.

Wapo ambao wakifumba macho wanajiona wanaanguka. Usiwaambie warudie, maana kuanguka nako watakuwa wanakufanyia mazoezi. Uliza: "Umeanguka ulipofika wapi?" Akijibu, "Mwalimu, kichwa kimegonga," basi kwenye picha yake kidevu kimeachia. Mrudishe kwenye kubembea, na picha mpya ianzie hapo hapo.

Wa kuonyesha mfano awe mtoto wa kimo chao, anayebingirika polepole na vizuri. Yule bingwa wa kupiga samasoti kutoka juu ya mawe hadi ziwani mwache apumzike. Wanaoanza watabaki kumshangilia, basi.

Godoro likikosekana, mchanga mkavu unafaa, lakini panda juu kabisa, mbali na maji. Ukerewe kuna kichocho, na watoto wenye joto hawahitaji kushawishiwa kuingia ziwani. Pitisha reki kwanza kuondoa ndoano na miba ya samaki, na msivamie mahali akina mama wanapoanika dagaa.

Kwa darasa la kwanza na la pili nusu dakika ya kufumba macho inatosha. Ikizidi, vicheko vitaanzia nyuma.

Zamu ya kweli ikifika, mkono wako uwe tayari kwenye kisogo cha mtoto, hata kama kofi lake lilipiga kwa wakati. Akisimama, kabla hajakimbilia nyuma ya foleni, muulize ni kipi kimekuwa tofauti na alivyowaza. Akisema chini palikuwa pagumu kuliko alivyodhani, ugumu huo auweke kwenye picha yake ya zamu ijayo. Zoezi linalofuata, kusimama kwa mikono, lisubiri hadi kubingirika kukae sawa, kwa sababu kubingirika ndiko kutakakomwokoa mikono ikichoka.