Kazi ya mutu anayekaa nyuma katika ambilansi



Juma lililopita niliuliza klasi ya tano: ambilansi ni nini? Karibu wote walijibu neno moja: "Ni motokari ya kupeleka mugonjwa ku hospitali mbio." Jibu hili si la uongo, lakini linasahau mutu mumoja. Mugonjwa yuko ndani yake, shofere yuko ndani yake, lakini yule anayekaa nyuma pamoja na mugonjwa hayuko. Somo letu ni juu ya mutu huyo.

Nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Wakati nilikuwa mwalimu mupya, kijana mumoja wa baiskeli aligongwa na motokari karibu na soko. Tulikimbia pale. Hakuitika tena, lakini alikuwa anapumua na kukoroma kwa nguvu. Mama mumoja akasema: "Muache, iko analala tu." Kamyo ya mizigo ikasimama. Wanaume wane wakamushika mikono na miguu, wakamulalisha chali juu ya mifuko ya muhogo, kichwa chake kikakunjwa mbele juu ya mufuko mumoja. Mimi nilipanda mbele, karibu na shofere, juu mvua ilikuwa inaanza. Shofere alikimbiza kamyo vizuri sana, sina neno juu yake. Tulifika nyuma ya nusu saa. Kukoroma kulikuwa kumekwisha. Munganga alimuangalia, halafu akatuuliza ulizo moja tu: "Nani alikuwa naye huko nyuma?"

Siwezi kusema kwamba kijana yule angepona. Pengine aliumia vibaya ndani ya kichwa. Lakini kisha nilisoma juu ya ulimi na koo, na nikajua kukoroma kule kulikuwa nini.

Mutu akizimia, nyama zote za mwili zinalegea. Ulimi ni nyama vilevile. Kama amelala chali, ulimi unaanguka nyuma na kufunga njia ya hewa. Ukifunga nusu, mutu anakoroma, maana hewa inapita pahali padogo. Ukifunga kabisa, kimya. Na ubongo hauwezi kuvumilia bila oksijeni: nyuma ya dakika 4 ao 5 unaanza kuharibika. Hospitali yetu ilikuwa mwendo wa dakika 30. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe.

Munganga aliyefundisha dunia jambo hili vizuri ni Peter Safar. Alizaliwa Vienna, katika inchi ya Austria, mwaka wa 1924, kisha akahamia Marekani. Wakati ule, watu walifundishwa kumulalisha kwa tumbo mutu asiyepumua, kumukandamiza mugongo na kumuinua mikono. Safar hakuamini kama hewa inaingia kweli. Katika miaka ya 1957 na 1958, katika muji wa Baltimore, alipata watu waliokubali kwa mapenzi yao wenyewe kupewa dawa ya kuwalaza na kulegeza nyama zote, hata zile za kupumulia. (Mawazo yangu: watu wale walikuwa na roho ngumu!) Alipima. Kwa kukandamiza mugongo, hewa iliyoingia ilikuwa kidogo sana, na mara nyingi hapana hata kidogo, juu njia ilikuwa imefungwa. Lakini wakati kichwa kilirudishwa nyuma na taya ikainuliwa, njia ilifunguka, na mutu mwingine, hata asiyesoma uganga, aliweza kumupulizia hewa kwa kinywa na kifua kikainuka.

Mwanafunzi mumoja aliniuliza: hewa tunayotoa si imekwisha kutumika? Hapana. Hewa ya inje ina oksijeni 21 kwa 100. Ile tunayoitoa ingali na karibu 16. Inatosha. Mwaka wa 1960 watu wengine wa elimu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, waliandika ginsi ya kukandamiza kifua kusudi damu itembee wakati moyo umesimama. Mambo haya mawili yaliunganishwa, na mupaka leo ni hayo tunayofundisha.

Basi elimu ilikuwa imepatikana. Lakini nani aliyeipeleka ku barabara? Pale njo shida ilikuwa.

Safar alikwenda kufanya kazi Pittsburgh mwaka wa 1961. Katika muji ule, kama katika miji mingi ya Marekani wakati ule, hakukuwa ambilansi kama tunavyozijua. Wagonjwa walichukuliwa na polisi, katika motokari ile ile iliyochukua wafungwa, ao na wafanyabiashara wa maziko, katika motokari ya maiti. Polisi wawili walimuweka mugonjwa nyuma, wakafunga mulango, wote wawili wakakaa mbele. Mwaona? Hata katika inchi tajiri walifanya kama sisi na kamyo yetu.

Mwaka wa 1966 ulikuwa mubaya kwa muji ule. David Lawrence, aliyekuwa meya na kisha gavana wa Pennsylvania, alianguka katika mukutano wa siasa tarehe 4 ya mwezi wa 11. Polisi walimupeleka katika motokari yao. Moyo wake uliamshwa tena ku hospitali, lakini ubongo ulikuwa umeharibika, na alikufa tarehe 21 ya mwezi ule. Alikuwa mutu mukubwa, na ukubwa wake haukumusaidia njiani. Mwaka ule ule Safar mwenyewe alipoteza binti yake Elizabeth, mutoto wa miaka 11, kwa ugonjwa wa asma. Baba aliyefundisha watu kurudisha pumzi hakuweza kurudisha ya mutoto wake. Nyuma ya kilio kile alitia nguvu zake zote katika kazi moja: kutengeneza watu wa kukaa nyuma.

Watu wale alipata wapi? Katika Hill District, mutaa wa watu weusi. Wakati ule kulikuwa kazi kidogo sana, na polisi wengi hawakuwa na mbio kwa kwenda kuchukua mugonjwa wa kule. Mwaka wa 1967 Phil Hallen, mukubwa wa mufuko mumoja wa feza za kusaidia afya, alikutana na Safar na kundi la watu weusi lililoitwa Freedom House, maana yake Nyumba ya Uhuru. Kundi lile lilikuwa likisaidia biashara za watu weusi, na kwanza lilizani kuuza mboga kwa motokari. Kutoka pale wakaanza ambilansi.

Waliandika vijana ambao watu walisema hawafai kwa kazi yoyote. Wengine hawakumaliza secondaire. Wengine walitoka katika vita ya Vietnam. Wengine walikuwa wamefungwa. Safar hakuwapunguzia masomo kwa kuwahurumia. Aliwapa masaa 300: mwili wa mutu, kazi ya moyo na mapafu, kuzalisha, kufunga vidonda, kuendesha motokari bila kuua mugonjwa. Walisimama katika chumba cha kupasulia na kujifunza kufungua njia ya hewa kwa wagonjwa waliolazwa na dawa. Mwaka wa 1968 walianza kazi. Katika mwaka wa kwanza waliitwa karibu mara 5,800, wakapeleka wagonjwa zaidi ya 4,600.

Pittsburgh ni muji wa feza na wa wenye elimu, lakini kwa miaka ile, masikini wa Hill District walipata musaada wa njiani bora kuliko matajiri wa mitaa mingine. Watu wa Freedom House hawakusimama kungojea, juu simu za watu ziliingia kwa polisi, na polisi hawakuzipeleka kwao kila mara. Basi walisikiliza radio ya polisi, na wakisikia neno wanakimbia ili wafike mbele.

Kijana mumoja, John Moon, alikuwa mutumishi wa hospitali, wa kusukuma vitanda na kusafisha. Siku moja aliona watu weusi wawili wa Freedom House wakiingia na mavazi yao ya kazi, wakimuhuzuru mugonjwa, na kila mutu akiwasikiliza. Akataka kuwa kama wao, na akawa. Yeye anatajwa kati ya wa kwanza kabisa walioingiza bomba la hewa katika koo la mugonjwa inje ya hospitali, kazi ambayo zamani ilikuwa ya waganga peke yao.

Mwaka wa 1974 munganga mwanamuke kijana, Nancy Caroline, aliwekwa kuwaongoza. Alipanda ambilansi pamoja nao, akawasahihisha, akawatukuza. Katika kazi yao alitoa mupango wa masomo ya nchi nzima ya Marekani kwa watu wa kazi hii, na kitabu kilichotoka mwaka wa 1979. Halafu katika miaka ya 1980 alikuja Afrika, akafanya kazi Nairobi pamoja na AMREF, wale wa waganga wa ndege. Basi masomo ya Hill District hayakubaki mbali nasi sana.

Lakini msizani hadizi inaishia kwa furaha. Tarehe 15 ya mwezi wa 10, 1975, muji ulifunga Freedom House na kuanzisha ambilansi zake wenyewe, kwa muji wote. Kazi iliyofanywa na watu weusi ikapewa kundi jipya lenye weupe wengi. Walisema wafanyakazi wa zamani watapokelewa. Walipokelewa kweli, kisha wakapewa mitihani mipya, wakawekwa chini ya watu wasiojua kazi kama wao, wakapewa kubeba mizigo. Wengi walitoka. Moon alivumilia, na mwaka wa 2009 alipumzika akiwa mukubwa wa pili wa ambilansi za muji. Mimi, nikisoma habari hii, ninaona haya ya wale walioharibu kuliko furaha ya yeye aliyebaki.

Sasa sisi. Katika vijiji vingi vya kwetu ambilansi ni pikipiki, ao tipoi, ao kamyo kama ile yangu. Hamutapewa oksijeni wala bomba. Lakini mutu wa nyuma mnaweza kumupata, juu anaweza kuwa mumoja wenu.

Katika Luka 10 tunapenda kuhubiri huruma ya Musamaria. Ni vizuri. Lakini angalieni vilevile mupango wa kazi yake: vidonda kwanza, pale pale chini, kisha kumupandisha mugonjwa juu ya munyama. Sisi tunaanza na munyama.

Basi, ukikuta mutu ameanguka, kwanza angalia barabara isikuue na wewe. Muite, muguse. Kama haitiki, tazama kifua chake kwa sekunde 10. Akipumua, mulaze kwa upande, kichwa kikirudishwa nyuma kidogo, kinywa kikielekea chini, ulimi na matapiko visifunge koo. Kama aligongwa ao alianguka kutoka mutini, watu wengi wamugeuze pamoja, mumoja akishika kichwa kilingane na mugongo. Kama hapumui, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza sentimetre 5 mupaka 6, mara 100 mupaka 120 kwa dakika, na usiache. Unajua kupuliza? Puliza mara 2 kila nyuma ya mara 30. Mutoto aliyezama katika maji, yeye anza kwa kumupulizia, usimunin'ginize kwa miguu wala kumukandamiza tumbo. Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa na nguvu, wala usiinue kila mara kutazama. Na yule aliyezimia, hapana kumupa maji, hapana, hata mama mukwe wake akilia.

Kisha njo motokari. Na mutu mumoja apande nyuma, akae ku kichwa, aangalie kifua mupaka mulango wa hospitali. Hata mvua ikinyesha.

Maulizo (mujibu katika daftari mbele ya siku ya tano):

1. Juu ya nini mutu aliyezimia anayekoroma si mutu anayelala?

2. Hewa inayotoka katika kinywa chetu ina oksijeni ngapi, na inasaidia namna gani?

3. Safar aliwapa vijana wa Hill District masaa 300 bila kupunguza. Je, alifanya vizuri? Semeni sababu zenu, hata kama hazilingani na za mwalimu.

4. Kutoka uwanja wa mupira mupaka kituo cha afya ni dakika ngapi kwa tipoi? Nendeni wanne wanne na saa, mupime, muandike.