JINSI YA KUITAMBUA INFLUENZA NA KUIZUIA ISIENEE

Mfanyakazi wa kiwanda cha Industrial Area, Nairobi, aamkapo Makongeni au Mukuru huku kichwa kinamgonga na mwili unatetemeka, mara nyingi hujikaza aende kazini asije akapoteza ujira wa siku moja. Lakini huenda akawapotezea wenzake ujira wa siku nyingi.

Mafua ya kawaida huanza polepole, kwa chafya na kamasi. Influenza humshika mtu ghafula: homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, kikohozi kikavu, koo kuuma, na uchovu mwingi.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, navyo huenea kwa matone madogo yamtokayo mgonjwa akohoapo au apigapo chafya. Mgonjwa huweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya kuona dalili hata siku ya tano au ya saba. Kwa hiyo huenea upesi palipo na msongamano: kiwandani, ndani ya matatu, na katika chumba kimoja walalamo watu wengi. Mwaka 1918 influenza ilishuka bandarini Mombasa, ikapanda gari la moshi mpaka bara, ikaua maelfu ya watu.

Basi yafaa kufuata haya:

1. Mgonjwa apumzike nyumbani, anywe maji mengi, asirudi kazini kabla ya kupita saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha.

2. Akohoe katika kiwiko au kitambaa. Madirisha yafunguliwe, na wote wanawe mikono kwa sabuni.

3. Antibiotiki haziui virusi. Si vema kuzinunua ovyo. Mtoto asipewe aspirini.

4. Apumuaye kwa shida au aumwaye kifua apelekwe hospitali mara moja. Watoto wachanga, wazee na wajawazito waangaliwe zaidi.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Na amwarifu msimamizi wake mapema. Kibarua asiyefikia haki hiyo, akiwa hana budi kutoka, na avae barakoa na kukaa mbali na wenzake. Kwani nao wana watoto nyumbani.